Mlango wa Ngazi na Kanzu ya Abdi

Leo aibu imenikuta nikiwa na taulo.

Mnanijua nilivyo na mlango wa ngazi. Hapa kwenye ghorofa ya serikali ngazi ni moja tu, na mlango ule mzito uliwekwa juu yake ili moto ukizuka chini, moshi usitupandie. Lazima ufungwe, ila bila kufuli. Hiyo ndiyo hotuba yangu ya kila siku (hakuna aliyeniomba).

Anayenipinga ni jirani yangu, Mama Abdi. Yeye huuegemeza mlango kwa jiwe ubaki wazi. Mwanawe ni utingo wa lori la serikali. Alikwenda Buna na msafara wenye askari, na kwa vita hivi hajasikika tena.

"Mlango ikifunga mimi hasikii lori," huniambia.

Mimi naondoa jiwe. Yeye analirudisha.

Basi alasiri naoga, nikasikia harufu ya moshi. Kuchungulia, unatoka chini ya mlango wa Mama Abdi! Nikapiga kelele, "Moto! Tokeni! Fungeni mlango wa ngazi!" Watu wakashuka mbio, karani mmoja amekumbatia redio yake. Mimi shujaa nikaingia na ndoo yangu ya kuogea, nikaimwaga yote.

Kilikuwa chetezo. Juu yake kikapu, na juu ya kikapu kanzu nyeupe. Alikuwa amesikia msafara unaingia leo, akawa anaifukiza nguo ya mwanawe kwa uunsi, ule ubani wao, ili aikute inanukia. Sasa ilikuwa inachuruzika maji yangu ya sabuni.

"Moto habana, mwalimu," akasema taratibu. "Hii uunsi tu. Kanzu ya Abdi."

Majirani waliporudi wakanikuta na povu masikioni, taulo nimelishika kwa mkono mmoja. Walicheka mpaka wakakaa kwenye ngazi. Mama Abdi naye akacheka, nami sikuwa nimewahi kumwona akicheka.

"Wallahi Abdi akikuja mimi namwambia," akasema. "Mwalimu ameosha nguo yako."

Nikaisuuza kanzu, nikaianika. Haikukauka kabla malori hayajafika. Tulishuka wote. Wakateremka askari, wakateremka utingo wawili, kisha hakuteremka mtu tena.

Dereva alikuwa anaangalia chini. "Lori lao lilibaki nyuma, mama. Hatujui zaidi ya hapo."

Mama Abdi hakulia. Alipanda ngazi, akaianua ile kanzu ikiwa bado mbichi, akaitandaza tena juu ya kikapu na kutia makaa mapya kwenye chetezo. Nilitamani anitukane.

Kwa hiyo mlango umefungwa, kama ninavyotaka siku zote. Lile jiwe nimelikalia mimi, huku nje, namsikilizia Mama Abdi lori mpaka saa ya kafyu. Mkitaka kunicheka nichekeni, lakini kwa sauti ndogo, nisije nikakosa kulisikia.