Msafara Uliokata Kushoto Tu

Jumatatu, 13 Mei

Mkutano wa chama umekwisha sasa hivi. Nimeshinda! Yaani, nimeanza kushinda.

Chama chetu cha pikipiki, sisi Wayahudi wa sinagogi moja, ni Ngurumo ya Sinai. Wanachama sabini, wengi wastaafu, magoti ya bandia hayahesabiki. Kila Mei tunafanya msafara wa kuchangia masomo ya Maangamizi, yaani mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, mashuleni: vitabu, semina za walimu, safari za wanafunzi kwenda makumbusho. Mwaka huu tunakwenda sekondari ya Harlan Falls, mashambani huko, ambako mtu alichora alama ya Wanazi kwenye makabati ya wanafunzi. Mwalimu wao wa historia, Bi Burkhart, hakutaka ifutwe kimyakimya halafu basi. Akatupigia simu.

Atakayezungumza ni Bi Gizella Weiszfeld. Ana miaka tisini na nne. Alifungwa kwenye kambi ya Wanazi akiwa msichana, na sauti yake siku hizi inakatika katikati ya sentensi. Amesema hii ndiyo shule yake ya mwisho. Watoto watakuja Jumapili, siku yao ya kulala, na mabasi yao yanaondoka saa nane mchana. Tukichelewa, hakuna hotuba.

Jambo zito, nakiri. Lakini kiongozi wa msafara ni nani? Hersh Gutterman! Tena! Ni daktari wa meno. Aliwahi kuning'oa gego na nadhani bado analifurahia. Mimi, Sheldon Zuckerbrot, niliyelaza nusu ya jiji la Cleveland kwenye magodoro mazuri ya duka langu, nimepangwa nyuma kabisa karibu na gari la maji.

Nikatoa hoja. Sheria mpya: hakuna kumpita kiongozi, hata iweje. Anapokata, wote wanakata. Gutterman akaunga mkono mbiombio, akasema hatimaye Zuckerbrot amekua. Maskini. Desturi yetu ni kwamba anayembeba mgeni wa heshima ndiye anayeongoza, na kila mwaka Bi Gizella huja na gari la mke wa Gutterman, ndiyo maana mumewe anaongoza. Sasa je, akibebwa na pikipiki? Leo asubuhi nimenunua kigari cha pembeni, cha kufungwa ubavuni mwa pikipiki abiria akae humo. Cha buluu!

Rochelle, mke wangu, amekiona gereji. Ameuliza kama hilo ni beseni la kuogea.

Jumatano, 15 Mei

Nimekwenda kwa Bi Gizella na maandazi ya viazi yenye tunda la plamu ndani, aliyopika Rochelle kwa mapishi ya Kihungari, ya kwao Bi Gizella. Nilipanga kumpaka mafuta taratibu, saa nzima ikibidi. Akaonja moja. Akasema viazi vimesagwa na mtu mwenye hasira.

Nikaanza kueleza habari ya kigari: usalama, heshima, hewa safi. Akanikata kauli. Kina paa? Hakina. Kinakwenda kasi? Nikasema kiasi. Akasema basi amekubali, na nisije na ile kofia ngumu ya zambarau ya Rochelle kwa sababu zambarau inamzeesha.

Hivyo tu! Maandazi nimeyapoteza bure. Yeye amebaki nayo yote, pamoja na bakuli.

Nikampigia Gutterman kumpa habari kwa sauti ya huzuni. Akauliza, polepole, kama nimewahi kuendesha pikipiki yenye kigari. Nikasema tangu ujana. Ujana wa nani, sikufafanua.

Alhamisi, 16 Mei

Mazoezi kwenye maegesho ya sinagogi. Kushoto: burudani tupu, kama siagi kwenye mkate wa moto. Kulia: balaa! Kigari kiko upande wa kulia. Ukikata kulia, gurudumu lake linapaa. Nikazunguka nusu ya uwanja nimeinama, naona anga mahali pasipostahili. Nikaishia kwenye mawaridi ya sinagogi.

Rabi Tannenholz akatoka ofisini. Yeye mwenyewe ni mwanachama, ana pikipiki kubwa kuliko yangu. Akatazama mawaridi. Akasema ameona watu wakiingia sinagogi kwa njia nyingi, ila hii bado.

Mzee aliyeniuzia kigari alisema niweke gunia la mchanga ndani mpaka nizoee. Gunia! Kwenye rangi ile ya buluu! Si heshima kwa Bi Gizella kusafiri na mchanga miguuni. Nitazoea.

Jumamosi, 18 Mei (naandika baada ya nyota kutoka, Sabato imekwisha)

Sabato. Siku pekee niliyokuwa na nafasi ya mazoezi, na ndiyo siku isiyoruhusiwa kuwasha injini. Nilimwambia Rochelle kwamba kuisukuma kwa mikono si kuendesha. Akasema, "Mume wangu, kaa chini ule, usimtafutie Mungu kesi." Nikakaa.

Lakini akili haipumziki. Katikati ya supu, mwanga! Kukata kushoto mara tatu ni sawa na kukata kulia mara moja! Nikachora kwa uma kwenye kitambaa cha meza. Kushoto, kushoto, kushoto, na tazama, unaelekea kulia! Kulia sikuhitaji kabisa. Nashangaa kwa nini watu wanaihangaikia.

Jumapili, 19 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi. Pikipiki sabini kwenye maegesho. Rabi akasoma dua ya safari. Bi Gizella akaingia kigarini na miwani ya upepo na skafu nyekundu, akanigonga mkono, "Shelly mwanangu, twende, mimi si kijana." Nikatoka mbele. Mbele! Gutterman nyuma yangu, wa pili! Nilijisikia kama nimekua futi nzima.

Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia. Bila wasiwasi. Nikapita moja kwa moja, nikakata kushoto, kushoto, kushoto. Safi kabisa, kama kwenye kitambaa cha meza. Ila sikuwa nimefikiria urefu wa pikipiki sabini. Niliporudi kwenye ile barabara ya kwanza ili niivuke, nikakuta mkia wa msafara wangu mwenyewe bado unapita! Sikuweza kuvuka. Nikalazimika kuufuata. Na wao wananifuata mimi. Tukawa duara. Hakuna mbele, hakuna nyuma, na sheria inakataza kupita. Tulizunguka mtaa ule mara tatu. Muuza mikate akatoka dukani, akapunga mkono raundi ya kwanza, akapunga ya pili, raundi ya tatu akaleta kiti akakaa.

Polisi wa usalama barabarani ndiye aliyelikata duara. Gutterman akapiga honi. Wivu, nikawaza.

Huko nje ya mji barabara ilinyooka, moyo ukatulia. Bi Gizella akaimba kitu cha Kihungari. Halafu njia panda ya maghala ya nafaka. Harlan Falls, kulia. Nikakata kushoto. Kona mbili za kushoto zilizobaki zitapatikana tu, nikajiambia.

Mashambani hazipatikani. Mashambani kuna mto. Kilomita baada ya kilomita, upande wa kushoto ni maji matupu. Honi nyuma yangu zikawa nyingi, taa zikawaka na kuzimika. Nikajitia hamnazo. Hatimaye daraja, na kushoto, na mji mdogo uitwao Dunmore, na bendera, na watu pembeni mwa barabara wanashangilia! Nikadhani Bi Burkhart ametuandalia mapokezi. Nikapunga mkono.

Yalikuwa Maonyesho ya Nguruwe wa Kuchoma. Ya kila mwaka.

Jamaa mkubwa mwenye kofia yenye masikio ya nguruwe akatuelekeza kwa bendera tuingie kwenye gwaride, katikati ya gari la zimamoto na trekta la Malkia wa Nguruwe. Kamba kushoto, kamba kulia. Pikipiki sabini zenye Nyota ya Daudi, polepole, kwenye wingu la moshi wa mbavu za nguruwe! Rabi Tannenholz alivuta pumzi mwanzo wa mtaa akaitoa mwisho wake. Mwenzetu Feinblum aliletewa sahani, akasema asante, yuko kwenye dawa. Tulipewa utepe wa nafasi ya pili.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Tukasimama nyuma ya mahema. Yule jamaa wa masikio, Dwayne, akasema Harlan Falls ni nusu saa kwa anayejua kona. Zote za kulia.

Gutterman akaja kwa miguu, kofia mkononi. Nilitarajia matusi. Akaongea taratibu, na hilo ndilo lililoniumiza. Akauliza, "Sheldon, ndugu yangu, unaweza kukata kulia?" Nikasema bila shaka. Bi Gizella akasema toka kigarini, mbele ya wote, "Hawezi. Nimejua tangu mtaa wa kwanza. Nilidhani atajifunza njiani."

Nikamtazama. Skafu imemlegea, uso umechoka, midomo imekauka. Alikuwa ameshika begi lake dogo lenye picha anayoionyesha kila shule, ya mama yake na mdogo wake Andor. Nikafikiria wale watoto wanapanda mabasi. Nikaona aibu, aibu ya kweli. Nikampa Gutterman ufunguo.

Baba yake alikuwa na kigari, kumbe. Gutterman alijifunzia hicho. Hakuwahi kujisifu, jambo ambalo nami naliona ni majivuno ya aina yake. Pikipiki yake akamwachia mwanaye mkubwa, aliyekuja na gari la maji, na mimi nikapanda nyuma ya Gutterman. Hapakuwa na pa kushika ila kiuno chake. Jaketi lake linanuka karafuu, kama kliniki yake ya meno. Dwayne akatangulia na gari lake la mizigo, masikio yanapepea, kufungua njia. Kila kona ya kulia gurudumu la kigari liliinuka kidogo, Gutterman akalirudisha, na Bi Gizella akainua mikono juu akapiga kelele, "Tena!"

Saa nane kasoro dakika moja. Watoto wameshapanda. Injini za mabasi zinanguruma. Bi Burkhart amesimama mlangoni mwa basi la kwanza, analia au anamwomba dereva, sikujua. Halafu wakatusikia. Pikipiki sabini husikika. Watoto wakashuka wote.

Bi Gizella hakukubali kwenda ukumbini. Alizungumza palepale, amesimama kando ya kigari, ameshika bega langu. Akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema tulipitia kwa nguruwe. Wakacheka. Halafu akaeleza behewa la treni walilopakiwa kupelekwa kambini. Jinsi mama yake alivyokuwa akimhesabia Andor vituo asiogope. Jinsi walivyoshuka, wao wakaelekezwa upande mmoja na yeye upande mwingine, asiwaone tena. Sauti ikakatika. Akasubiri irudi, ikarudi.

Kijana mmoja mrefu akauliza, macho chini, kama anamchukia aliyechora ile alama. Bi Gizella akasema hapana, ila angependa aje anywe naye chai, kwa sababu watu hao huwa hawajawahi kukaa na mtu kama yeye. Yule kijana akauliza anaishi wapi.

Nikalia hadharani. Gutterman akanipa leso. Nikaichukua.

Jumatatu, 20 Mei

Nimeshindwa kuamka. Mgongo. Rochelle ananiletea chai na kunicheka kwa zamu.

Dwayne amempigia Rabi. Watu wa maonyesho wamepitisha kofia na wanataka kuchangia masomo, na wanamwalika Bi Gizella kwenye shule yao pia. Wanachama wakabishana kama pesa ya nguruwe inafaa. Rabi akasema pesa haina kwato. Bi Gizella, aliyeapa Harlan Falls ni ya mwisho, ameuliza tarehe.

Sasa nauliza, kwa unyenyekevu: nani aliyetufikisha Dunmore? Nani aliyeona mbali? Nimempigia Gutterman kumkumbusha. Amekata simu.

Jumanne, 21 Mei

Bi Gizella amenipigia. Ana jambo la siri. Anataka kujifunza kuendesha. Alimwomba Gutterman, Gutterman akasema hapana, si katika umri huo, hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini anataka. Akasema, "Mwanangu, safari kubwa ya maisha yangu nilipakiwa. Tangu hapo nimebebwa na watu wema, mmoja baada ya mwingine, nawashukuru. Kabla sijafa nataka kushika usukani mwenyewe, niende ninapotaka."



Nikasema ndiyo. Nani angekataa? Alhamisi, maegesho ya sinagogi, Rabi akiwa msibani. Nitamfundisha kila kitu ninachojua. Nimeshapiga hesabu: yeye usukanini, mimi kigarini, Dunmore mwezi wa tisa. Atakayekuwa mbele kabisa ya msafara, mita kadhaa mbele ya Gutterman, ni mimi.

Nimemwahidi kwamba kwanza tutaanza na kushoto.