Mkasi Wangu Hauendi kwa Mkwe

Jumatatu, tarehe 6
Balaa! Mteja kaja kuchukua suti, nikaanza kumpima upya. Akasema nilishampima. Nikabisha. Uso wake naujua, nikamwambia, lakini labda tulionana msibani. Akanyoosha kidole: suti yake inaning'inia nyuma yangu, imekamilika. Nimeishona mwenyewe! Mkwe, aliyemwoa binti yangu na asiyeweza kushona hata kifungo kikatulia, alicheka mpaka akakaa chini. Binti, ambaye ni muuguzi, kaamua: Ijumaa napelekwa kwa daktari wa kumbukumbu. Nikishindwa, mkasi wangu wa kukatia vitambaa anakabidhiwa Mkwe. Afadhali waning'oe meno.

Jumanne, tarehe 7
Nimejifanya mpole, nikamchimba binti. Kasema ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayofunga tukio pamoja: mahali, wakati, na nani alikuwepo. Umri ukienda, fundo linalegea. Unabaki na uso, hujui uliuona wapi. Tena siku zinazofanana huchanganyika. Jambo la ajabu ndilo linalonasa. Kumbe! Dawa ninayo. Kuanzia kesho sifanyi lolote la kawaida. Daktari akiniuliza juma langu, nalimwaga lote.

Jumatano, tarehe 8
Nimeenda kazini na pajama na tai. Nimekunywa chai nimesimama juu ya meza ya kukatia. Mteja wa sketi nimempokea nikiwa chini ya meza. Nilimsalimia vizuri tu, lakini alitimua mbio akaacha kiatu. Siku hii siisahau ng'o! Mkwe alikuwa mlangoni, anampigia mtu simu. Wivu huo.

Alhamisi, tarehe 9
Nimepiga pasi nimevaa ndoo kichwani. Au ndoo ilikuwa jana? Hapa pana tatizo: maajabu yakizidi, nayo yanaanza kufanana. Nikamuuliza mke wangu. Akasema hajui habari za jana wala leo, anachotaka ni ndoo yake afulie. Halafu akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Roho imeniuma.

Ijumaa, tarehe 10
Daktari kauliza Jumatano nilifanya nini. Nikammwagia: pajama, tai, meza, kiatu cha mteja. Ndoo nikaiweka siku zote mbili, nisije nikakosea. Akamtazama binti kwa huruma, akasema kwa upole kwamba wazee wengine huzua matukio bila kujua. Binti akainamisha kichwa, akasema hapana, baba aliyafanya kweli. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema kumbukumbu zangu ni nzuri kwa umri wangu. Kusahau umempima nani ni jambo la kawaida. Nimefaulu! Nikainuka nishangilie. Akaniambia nikae. Swali lake sasa, akasema, ni nani anayemwachia mtu wa namna hii kitu chenye makali.
Mkasi umeenda kwa Mkwe.

Jumamosi, tarehe 11
Mkwe anakata kitambaa kwenye meza yangu, ulimi nje. Inaniuma kwelikweli, mkasi ule nimeushika tangu sijaoa. Binti, katika kunifariji, katokwa na siri: usingizi ndio unaogandisha matukio ya mchana. Asiyelala hukumbuka vibaya. Asante, mwanangu! Dirisha la Mkwe linatazamana na letu. Nimeshakusanya vifuniko vya sufuria na mwiko mkubwa. Mke wangu anavitafuta; nimemwambia sikumbuki. Mkwe asipopata usingizi hadi Jumatatu, atasahau kabisa kama aliwahi kukabidhiwa mkasi. Nitaupokea kwa upole, nimuulize aliutoa wapi.