Hati Aliyoisoma Marhun

Marhun hakujua kusoma Kiarabu, na riziki yake ilitoka kwa watu wasiojua kusoma Kiarabu. Hapo ndipo ulipokuwa ubaya wote.

Alirudi Oman kutoka Bujumbura mwaka wa sabini na sita, kishakuwa mtu mzima. Utotoni alitoroka chuo cha Kurani siku ya tatu, kwa hiyo Kiarabu chake kilikuwa cha mdomo, cha sokoni. Herufi alizijua za Kizungu tu. Siri hiyo aliificha nyuma ya kalamu tatu mfukoni mwa kanzu, maana mwenye kalamu tatu nani atamuuliza kama anasoma? Kufika mwaka wa tisini na nane, nusu ya Waswahili wa mji wa Ibra walimwita "bwana hati". Watu wana akili, ila huiweka kabatini pamoja na nguo za Idi.

Akasikia kwamba Bi Kaltham, mjane aliyetoka Pemba, anatafuta riali elfu mbili. Nyumba ya bibi huyo ilikuwa na thamani ya elfu nane. Marhun akapiga pasi kanzu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kheri?"

"Kheri tupu. Elfu mbili nakupa mimi. Nyumba unaniwekea rehani mwaka mmoja, ukinirejeshea fedha, nyumba yako. Mambo ya kaatibul-adli niachie."

Kaatibul-adli ndiye ofisa wa serikali anayeandika hati za mauzo na za rehani. Marhun alikuwa keshamwendea, Sheikh Hamdun, kumwagiza hati ya mauzo. Mauzo kamili, bila ya kurejesha.

Bi Kaltham akatoa barua kabatini. "Nisomee hii, baba. Macho yangu yana ukungu."

Marhun akaikunjua, akaipitia polepole kama kadhi. "Ya baladia, baraza la mji. Wanakukumbusha usafishe mfereji."

Bibi hakuitazama barua. Alimtazama macho. Yalikuwa yakitoka kushoto kwenda kulia.

"Mungu akupe umri," akasema, akaikunja.

Siku ya hati, baada ya kahawa na tende, Sheikh Hamdun akauliza kwa Kiarabu, "Niwasomee?"

Marhun akapiga hesabu. Ikisomwa kwa sauti, bibi atasikia kwamba anauza.

"Hapana haja, sheikh. Bibi ni mtu mzima, tusimchoshe. Nitasoma mimi."

"Kurasa mbili. Huo wa pili ndio mzito, uangalie."

"Mimi mazito ndiyo kazi yangu."

Akasoma. Ukurasa wa kwanza aliutikisia kichwa. Wa pili aliutabasamia.

"Umeridhika na masharti yote?"

"Yote, sheikh."

"Tia saini hapa, chini ya maneno kwamba umesoma mwenyewe na umefahamu."

Akatia saini yenye mikia mitatu, akahesabu elfu mbili mezani. Bi Kaltham akatia yake kwa Kiarabu, kila nukta mahali pake. Marhun hakuiona. Alikuwa anagawa vyumba vya wapangaji kichwani.

Nje akakohoa kidogo. "Bibi, usinilaumu. Ile ilikuwa mauzo. Mwisho wa mwezi uhame."

"Nishafungasha. Nahamia Sur kwa mwanangu Huwaida."

"Umejuaje?"

"Sheikh aliniambia juzi, nilipompelekea ile barua yako ya mfereji." Bibi akajitanda buibui vizuri. "Ni ya Musallam, tajiri wa Sur. Marehemu mume wangu alimwekea nyumba rehani kwa mali ya duka. Ameandika kwamba anaridhia iuzwe, maadamu mnunuzi anabeba deni lote. Ukurasa wa pili, mwanangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupa uisome. Mimi nimesomesha chuo Wete miaka kumi na miwili. Mtoto aliyetoroka darasa namjua akishika karatasi tu."

Marhun alirudi ndani mbio. Sheikh Hamdun akamwonyesha saini yenye mikia mitatu, akamuuliza kama anataka kusomewa sasa.

Elfu mbili kwa bibi. Elfu tisa na mia tano kwa Musallam, zilizolipwa kwa miaka minne. Riali kumi na tano za hati. Nyumba ikauzwa elfu nane. Hasara, riali elfu tatu mia tano na kumi na tano, na kalamu tatu ambazo hakuzivaa tena.