Harusi ya Mize Isiyo na Mwaliko

Gando, Jumatatu, 2 Januari 1961
Mkutano wa chama changu leo, mbele ya duka la Jafferali. Watu tisa, wanne kati yao wakisubiri mafuta ya taa. Niliwaeleza: leseni za baiskeli zifutwe, ukaguzi wa karafuu ufutwe, serikali ibaki na kazi moja tu, kutuacha. Chama cha Kila Mtu na Lake hakimlazimishi mtu! Mzee mmoja akauliza kama kadi ni lazima. Nikasema hapana. Hakuna aliyechukua.

Ijumaa binti yangu Mize anaolewa. Mke wangu, Bi Kazija, kanikumbusha nipite nyumba kwa nyumba kualika. Nikamjibu kwamba kumpigia mtu hodi na kumwambia aje siku fulani, saa fulani, ni kumlazimisha. Mgombea wa uhuru hafanyi hivyo wiki mbili kabla ya kura! Nimeshatangaza mkutanoni: anayependa aje. Bi Kazija alinitazama tu. Sikuupenda utazamaji ule.

Jumatano, 4 Januari
Siku ya kuchambua mchele. Shughuli za watu wengine, ua hujaa wanawake na vicheko. Leo: Bi Kazija, dada yake na kuku. Gunia zima!

Nikapita kwa jirani, Bi Mwanamize, kijanja, kumjulia hali. Mzima. Akasema kasikia kuna harusi mtaani, Mungu ajaalie kheri, ila yeye hakualikwa, na kudoea hajazoea.

Watakuja. 

Alhamisi, 5 Januari
Wapishi hawajatokea. Shemeji yangu Vuai, katibu wa chama, anasema watu wamenuna. Wanadhani nawadharau. Kaniomba nipite walau kwa wazee. Nikamwambia msimamo ni msimamo.

Bwana harusi anakuja kutoka Tumbe na watu sitini. Sitini! Wakikuta ua mtupu, Mize atasemwa ukweni maisha yake yote kwamba hana watu. Kalia mpaka macho yamevimba. Hasemi nami.

Alasiri nikavaa kanzu, nikafika mlango wa kwanza, nikainua mkono. Nikaikumbuka hotuba yangu. Nikarudi. Naogopa, jamani. Naogopa sana.

Ijumaa, 6 Januari
Alhamdulillahi! Kutoka msikitini nakuta ua umefurika. Masufuria yapo jikoni, mikeka imetandikwa, vigelegele tele. Hata wale ambao tangu siasa zianze hawaingii nyumba moja, leo wanakula sinia moja. Watu wa Tumbe walipofika hapakuwa na pa kukanyaga!

Furaha ikanipanda kichwani. Nikapanda juu ya kinu, nikahutubia. Tazameni, nikasema, hakuna aliyewaita, mmekuja kwa hiari zenu, hii ndiyo siasa yangu!

Bi Mwanamize akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka Wete, kwamba yeye kaitwa. Wote wameitwa. Kumbe Bi Kazija alimwendea Msellem, mgombea wa chama kikubwa, mpinzani wangu! Na Msellem, tangu alfajiri, kapita kila mlango akisema Kificho, yaani mimi, anakualikeni na anaomba radhi kwa kuchelewa.

Nikashuka kinuni. Msellem mwenyewe alikuwa akiwanawisha mikono wageni wa Tumbe. Mize alikuwa anacheka. Nikalia kidogo. Nikasema ni moshi.

Jumamosi, 7 Januari
Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi. Msellem kabisha milango yote ya Gando kwa jina langu, bila idhini yangu. Kaniombea radhi nisiyoiomba! Udhalimu mtupu.

Nimemwandikia Mudiri, bwana mkubwa wa serikali hapa kwetu, barua kali. Serikali ipige marufuku kualika watu bila kibali. Kibali kiwe na picha na muhuri, kilipiwe kila mwaka, na awekwe mkaguzi wa mialiko. Nafasi hiyo niko tayari kuishika.

Barua ilihitaji sahihi ya katibu. Vuai kakataa, anasema inakwenda kinyume na chama.

Nimemlazimisha.