Rais Wetu Kafia Italia

Ijumaa saa nane mchana Avocat alifika kijiweni amevaa tai nyeusi, nami nikajua siku imeshaharibika. Mtu anayelinda magari na fulana yake ya manjano, ukimwona kafunga na tai juu yake, ujue ana jambo na utalisikiliza upende usipende.

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili ya mbao za makasha, nje ya geti la bandari ya Durban, mbele ya jiko la Mama Bernadette wa Bukavu, muuza kahawa ya tangawizi na mandazi. Avocat, jina lake Séverin, alisoma sheria mwaka mmoja Lubumbashi na mpaka leo hajaacha kutetea kesi. Siku hiyo alikuwepo Niyongabo wa Bujumbura, tunayemwita Kaptani kwa kuwa ndiye nahodha wa timu yetu ya wakimbizi. Alikuwepo pia Ladislas, Mrundi mwenzake, kipa wa akiba, ambaye tunamwita Mlango Wazi, na kila aliyewahi kumpigia mpira anajua kwa nini. Mimi ni Mtanzania, kosa ambalo nakumbushwa kila siku.

"Tumefiwa," Avocat alisema, akakunjua gazeti la Kifaransa aliloachiwa na baharia mmoja. "Président wetu amekufa."

"Ule tulimukimbia?" Mama Bernadette akauliza, na uso ukaanza kumchangamka.

"Hapana, mama. Wa timu. Gavardotti."

Hapa sina budi kueleza. Jezi zetu zilitoka kwenye robota la mitumba, na kifuani zimeandikwa GAVARDOTTI. Fomu ya mashindano ilipotaka jina la rais wa timu, Avocat alimtazama Kaptani kifuani, akanakili alichokiona. Tangu hapo, huu mwaka wa pili, kila anayeuliza tunamjibu kwamba mzee yuko Ulaya, ana shughuli nyingi. Sura yake tuliiona Ijumaa hiyo kwa mara ya kwanza: mzee kipara, kasimama katikati ya wachezaji waliovaa jezi zetu.

"Soma basi," Kaptani alisema.

"Banaandika hapa, baba yake alikuwa fundi wa mabati. Yeye akaanza kutengeneza baiskeli. Halafu akaanza kutengeneza frigo. Kufika miaka makumi ine, iko na wafanyakazi elfu tatu."

"Frigo yote ile ya nini?" Mama Bernadette akadakia. "Kwabo si kuko baridi?"

"Voilà. Kuuzia baridi batu benye baridi, ile ndiyo akili ya tajiri. Bon. Akanunua timu ya mji wake. Ilikuwa ya mwisho kabisa."

"Kama sisi," nikasema.

"Sisi ni wa tatu kutoka mwisho," Kaptani alinisahihisha, na sauti yake haikuwa na utani.

"Kwa stade alikuwa hakae na bakubwa. Alikuja na kiti yake ya kukunja na thermos ya supu, anakaa nyuma ya goli, anatukana. Alifukuza kocha mara ine."

"Makocha wanne?"

"Kocha moja, mara ine. Kila Noeli anamurudisha."

"Huyo hakuwa Mtaliano," nikasema. "Huyo ni Mkongo, chunguzeni vizuri upande wa mama."

"Na musikie iyi. Kila mechi kipa akikosa kufungwa, mzee anamupa frigo. Kipa moja alifikisha frigo makumi mbili na sita. Bibi yake akahamia kwa veranda."

"Eish," Mama Bernadette alimgeukia Mlango Wazi. "We baba, ungekunywa maji ya moto mpaka uzeeni."

Tulicheka wote isipokuwa Mlango Wazi, ambaye alikuwa ameikazia macho ile picha kwa mapenzi.

"Sasa tufunge kikao," Avocat alisema. "Kwetu président wa timu akikufa, timu haiguse mpira mpaka matanga iishe. Jumapili hatuchezi. Nimeshapiga simu Sydenham."

Mlango Wazi alitua kikombe, kahawa ikamwagikia suruali na wala hakuiona. Peguy, kipa namba moja, alikuwa Johannesburg na lori, arudi Jumatatu. Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya kwanza ya Mlango Wazi kusimama golini tangu mwaka uanze. Tena ilikuwa dhidi ya Sydenham, na kocha wa Sydenham ni Ndikumana, kaka yake Libérate. Kijana ameomba kumwoa Libérate miezi saba, na Ndikumana ana jibu moja tu: dada yangu simpi mtu wa benchi, kwanza nikuone uwanjani.

"Avocat, unaniua," alisema. "Mzungu huyo hata hatujui."

"Na ule anapiga muhuri kwa karatasi yako ya ukimbizi, anakujua? Mbona unaitembeza?"

"Usinichanganye na sheria. Mimi nataka mke."

"Mke atangoja. Maiti haingoje."

Kabla hajajibu, Ndikumana mwenyewe alitokea, pande la mtu, kofia mkononi na mfuko wa unga begani.

"Poleni sana na msiba," alisema.

Sote tuliinamisha vichwa, hata mimi, na hadi leo sijui kwa nini. Mama Bernadette alijifunika kitenge na kuanza kuguna, naye jina la marehemu lilikuwa bado halijamkaa mdomoni.

"Mkubwa wa familia ni nani?" Ndikumana akauliza. "Siwezi kuupa pole ukuta."

Avocat alimtazama Kaptani, Kaptani akaitazama meli. Ndipo Mlango Wazi aliposimama.

"Ni mimi, kaka. Mzee alinifanya mtoto wake. Wa damu kabisa."

"Mlionana?"

"Kwa simu."

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Alikuwa anajifunza."

Avocat alifumba macho.

"Na mara ya mwisho aliniachia neno," Mlango Wazi aliendelea, jasho linamtoka. "Alisema, mwanangu, nikifa msisimamishe mpira. Jumapili mcheze, na golini usimame wewe mwenyewe."

"Alijua habari za Jumapili?"

"Alikuwa na ratiba."

Ndikumana alitua unga chini polepole.

"Neno la marehemu halivunjwi. Jumapili tutacheza."

Mlango Wazi alionyesha meno yote. Nilifurahi kwa niaba yake, nakiri, maana uongo uliopikwa kwa jasho kiasi kile unastahili malipo.

"Asante sana, kaka. Na yale mazungumzo yetu ya Libérate?"

"Mazungumzo gani tena? Wewe ni mfiwa."

"Mfiwa, ndiyo, lakini—"

"Kwetu Burundi mtoto aliyefiwa na baba haoi mpaka kilio kiishe. Ni mwaka mzima. Wewe ni Mrundi, unajua."

"Kaka, mimi na yeye tulikuwa tunaongea kwa simu tu."

"Hata mimi na baba yangu tulikuwa tunaongea kwa simu tu. Nilimlilia mwaka."

"Ni sheria," Avocat alisema, huku akikaza tai yake. "En tout cas, hapo hakuna rufaa."

Ndikumana alitupa mkono wa pole mmoja mmoja, akavaa kofia na kushika njia. Alipovuka robot, zile taa za barabarani, niliona mabega yake yanatikisika, na sidhani kama yule mtu alikuwa analia. Kaptani, naye mlinzi wa magari, alirudi kwenye magari yake bila kuaga. Mama Bernadette alivua kitenge kichwani, akauvuta ule unga ndani kabla mtu hajauliza ni wa nani.

Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Wangekuja kumwona Mlango Wazi, kakumbatia lile gazeti, anamlilia tajiri wa Italia kwa machozi na kamasi, mpaka madereva wa malori wakawa wanateremka kutupa pole.