Mkongo Kwanza, Mtaro Baadaye

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeona kitu. Mafundi wa serikali wamefika barabara kuu ya Kyebando, hapa Kampala, na mkongo wao wa intaneti. Injinia wao, msichana anayeitwa Nabila, alinionyesha uzi mmoja uliokatwa. Mwembamba kama unywele. Kioo kitupu. Nikamuuliza unabeba nini. Akasema sauti, picha, benki, shule, vyote kwa pamoja, kwa mwanga. Nikavua kofia. Miaka yote niliyoendesha magari ya polisi sikuwahi kuvulia kofia kitu kisicho na cheo.

Nikauliza utaingia lini mtaani kwetu. Akasema hajui. Divisheni, halmashauri yetu ya hapa, ina uwezo wa kazi moja tu kwetu mwaka huu: ama kuvuta mkongo, ama kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Wakazi watajadiliana Jumapili kwenye ukumbi wa mtaa, kisha watapiga kura kwa mikono.

Nimefikiri mchana kutwa. Mkongo ukiingia lazima uwe na kisanduku cha kuunganishia, na kisanduku lazima kikae kwenye ukuta wa mtu. Ukuta ninao. Chumba cha mbele kitakuwa kituo cha intaneti. Mtaa mzima utapita mlangoni kwangu. Nimemweleza mke wangu, Vera. Akauliza kochi litakwenda wapi. Vera haoni mbali.

Jumatano, 5 Machi

Nina mpinzani. Hajati Kaltumi, muuza vitenge wa kule bondeni. Anapita nyumba kwa nyumba akiuombea mtaro kura. Mvua ya mwaka jana ilimfuata mpaka kitandani.

Nilimwendea dukani, kwa heshima zote. Nikamweleza kwamba mtaro ni shimo tu, hata Waingereza walichimba. Serikali ya leo ishughulike na mwanga. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakunja vitenge. Kisha akauliza, "Afande Oyet, wewe unakaa huko juu mlimani, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Haya," akasema.

Basi. Nimetembea mpaka nyumbani nikitafuta jibu la hiyo haya.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa kwanza: makofi. Niliwaalika vijana wa bodaboda kwa chai na chapati, mchana. Makubaliano ni kwamba kesho wapige makofi kila wakisikia neno mtandao. Nilisahau kwamba ni Ramadhani. Nusu yao wamefunga. Wenzao wakala fungu la wote, wakalala juu ya pikipiki. Magharibi nikapita kwa Hajati Kaltumi, nikawakuta waliofunga wakifuturu kwake. Uji mzito, tende, vicheko. Hata wale walioshiba chapati zangu walikuwepo.

Mpango wa pili ni mkubwa zaidi. Nimemwomba Nabila avute waya wa muda kutoka barabara kuu mpaka ukumbini, na picha itupwe ukutani kwa projekta. Amekubali, anasema watu waone wanachojadili. Nitampigia mpwa wangu Tarcisio, aliyeko Kanada. Atauambia mtaa mzima kwamba mjomba wake ni mtu wa kuona mbali.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Afisa wa divisheni alikaa mbele. Nilifungua mjadala mimi. Nikasema kampuni haziwezi kuvuta mkongo kwa watu kama sisi, haziioni faida; ndiyo maana kuna serikali. Nilisema vizuri. Mwenye duka la dawa akapinga, akataka intaneti waachiwe wafanyabiashara na serikali ibaki na hospitali. Mama mmoja akataka shule kwanza. Hajati Kaltumi akasema juu ya mtaro, maneno machache, midomo imekauka kwa saumu. Vijana wangu wakampigia makofi mazito. Niliwaambia wasikilize mtandao. Neno mtaro nalo huanza na mta.

Nikaomba ukuta uwashwe. Tarcisio hakupokea. Kanada ilikuwa asubuhi na mapema, tena Jumapili. Simu ikalia na kulia, watu wakaanza kucheka.

Hapo akasimama Mama Adoch, mjane wa sajini, anayeishi bondeni peke yake. Akauliza kama kitu hicho kinafika Somalia. Mwanawe Otema ni askari huko, analinda amani. Humsikia kwa simu tu, sauti ikikatika-katika. Nabila akachukua namba, akapiga.

Ukuta ukawa uso. Uso wa Otema, mkubwa kuliko mlango, na jasho lake kwenye paji, na kope zake. Hakuna aliyecheka tena.

Mama Adoch akaenda karibu. "Geuka," akasema.

Otema akageuka.

"Na huku."

Akageuka na huku. Mama akamkagua masikio, shingo, kila kitu, kama mtoto aliyetoka kucheza. Kisha akaweka kiganja ukutani, kwenye shavu lake. Mimi ni mtu wa polisi. Nimeona mengi. Lakini nilijikuta nimesimama wima kama kwenye gwaride, na sikuwa peke yangu.

"Mama, mvua imeanza huko?"

"Imeanza, mwanangu."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni nzuri."

Otema akasogeza uso karibu. "Leo nakuona, Mama," akasema.

Mama Adoch akatazama chini. Kwenye simu alikuwa akimdanganya siku zote. Sasa akasema polepole kwamba maji huingia, kwamba kitanda amekipandisha juu ya matofali, kwamba mvua ikija hukaa hapo juu mpaka ipite. Otema akainua macho. Aliutazama ukumbi, akatutazama sisi sote.

"Mko wengi hapo," akasema.

Picha ilikuwa safi kiasi kwamba hapakuwa na pa kujificha.

Afisa alipouliza nani anataka mtaro, mikono yote ilipanda. Nikatazama juu, nikaona na wangu uko huko.

Hajati Kaltumi hakushangilia. Alimuuliza afisa: kama mnachimba kutoka barabara kuu mpaka bondeni, kwa nini bomba la mkongo lisilazwe kandokando, tukachimba mara moja? Afisa akasema hizo ni ofisi mbili tofauti.

"Ofisi mbili," akasema Hajati, "na serikali ngapi?"

Afisa akatoka nje na simu yake. Swali hilo limetoka bondeni, kwa mama wa vitenge, mwenye njaa ya mchana kutwa. Nilitamani nimpigie saluti.

Jumanne, 11 Machi

Ofisi mbili zimekubaliana. Mtaro utachimbwa, na bomba la mkongo litalazwa kando yake. Kisanduku kitawekwa ukumbini ili mtu yeyote afike. Mama Adoch ameshauliza saa za kufunguliwa.

Nimetafakari kwa kina na kwa unyenyekevu. Bila waya wangu, Otema asingeonekana. Bila Otema, mtaro usingepita. Kwa hiyo mtaro ni kazi yangu. Nimemweleza Vera. Ameondoka chumbani.

Jambo moja tu linanisumbua. Leo nimeutembelea mstari wa kuchimba, vigingi vimeshapigwa. Maji mengi ajabu yatateremka humo, yote bure, moja kwa moja mpaka kwenye bwawa lililo chini ya bonde. Hakuna aliyefikiria kufuga kambale. Kambale hukua haraka, na Kampala nzima inawala. Kesho nitamwona afisa. Nitahitaji kibali kidogo tu, na ukuta mmoja wa kukinga maji pale kwa Hajati Kaltumi, yasiondoke.