Kikohozi cha Lori Langu

Jumatatu, 2 Julai 1956

Aibu! Lori limenikoholea mlimani kabla ya Pongwe, mbele ya watu. Likisimama linanguruma vizuri. Likishika mwendo, linakwenda. Nikikanyaga mafuta tu ili liongeze mwendo, linakohoa, linashtuka, linataka kuzima. Kombo kanipita na basi lake kuukuu, akapiga honi tatu. Moja ingetosha.

Jioni Shangazi Mboni, mshenga wangu, karudi kutoka Muheza na jibu la posa. Mzee Jumbe, baba yake Mastura, kasema amesikia lori langu lina kikohozi, na hawezi kumpa binti yake mtu ambaye riziki yake inakohoa. Lakini si mtu wa kuhukumu kwa kusikia. Jumatatu ijayo atapanda mwenyewe, pamoja na machungwa yake, kutoka Muheza hadi Tanga. Lisipokohoa, posa imekubaliwa. Likikohoa, basi. Kombo naye kapeleka posa.

Kombo! Hamu ya kula imenikatika. Nimekula sahani mbili tu.

Jumanne, 3 Julai

Nimefikiri sana na nimejua. Kombo katia maji kwenye petroli yangu. Nimemwaga petroli yote kwenye madebe, nikaichuja kwa kanga ya Shangazi. Nilichukua ile mpya, maana ya zamani ina matundu. Maji sikuyaona hata tone. Ujanja wa Kombo ni mkubwa kuliko nilivyodhani.

Lori bado linakohoa. Shangazi kasema kanga yake inanuka gereji, na kwamba marehemu kaka yake, yaani baba yangu, ana bahati hayupo kuyaona haya.

Jumatano, 4 Julai

Nimekwenda Ngamiani kwa Zebedayo, fundi wa Kishambaa. Nimemwambia kuna rafiki yangu ana lori lenye kikohozi. Akaniuliza mbona rafiki yangu huyo ana lori sawasawa na hili nililokuja nalo. Nikajitia kutazama juu.

Akazima injini, akafungua kifuniko, akaniambia nichungulie kooni mwa kabureta huku yeye akivuta ule mkono wa mafuta. Akauliza naona nini. Nikasema sioni kitu. Akasema ndio ugonjwa wenyewe huo. Mle ndani mna pampu ndogo, na kila ukikanyaga mafuta inatakiwa irushe mchirizi wa petroli. Ngozi ya pampu imekauka, hairushi kitu, injini inabaki kumeza hewa tupu. Akataka nimwachie kabureta mpaka Jumanne ijayo. Ngozi mpya lazima ilowekwe kwenye mafuta, na tena ana magari mengi mbele yangu.

Jumanne! Safari ni Jumatatu. Na huyu huyu ndiye anayelitengeneza basi la Kombo. Yaani nilikate lori langu koo, nimkabidhi fundi wa adui? Nimemshukuru sana, nikaondoka. Lori likakohoa pale pale mlangoni pake. Kacheka kwa sauti. Hana adabu hata kidogo.

Ijumaa, 6 Julai

Nimegundua! Alhamdulillahi! Leo nimetoka Tongoni hadi mjini bila kikohozi hata kimoja. Siri ni hii: lori likishashika mwendo, halikohoi. Linakohoa pale tu linapotoka kusimama na kutakiwa liongeze. Kwa hiyo dawa si ngozi. Dawa ni kutosimama.

Fundi mzima na gereji yake hakuliona hilo. Njiani bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alininyooshea mkono nimpakie. Nimempungia.

Jumapili, 8 Julai

Nimelala Muheza. Lori nimeliegesha juu ya mteremko, pua imeelekea Tanga. Wapakizi wamelalamika kupandisha machungwa mpaka huko. Nimewaambia penye upepo machungwa hayaozi.

Jioni Mastura kapita na kikapu, akanitazama, akatabasamu kidogo. Mbele za watu husema nataka mke wa kunipikia. Hapa naandika kweli: nampenda, na nikimkosa sijui nitafanyaje.

Jumatatu, 9 Julai

Mzee Jumbe kapanda asubuhi na mapema. Shikamoo nimempa mbili, kwa tahadhari. Nikaachia breki, lori likateremka lenyewe, likashika mwendo. Kimya! Kidogo kidogo Mzee akaanza kulegea, akasema kumbe maneno ya watu ni uongo. Nikajiona nimeshakuwa mkwe.

Ubaya wa Mzee Jumbe ni kwamba anajuana na kila mtu. Kwanza akataka nisimame amwamkie shemeji yake. Nikamwambia breki zina moto. Mbele kidogo akataka kumjulia hali mgonjwa. Nikamwambia machungwa yataiva. Akasema yameshaiva. Nikatoa kichwa dirishani nikawa nawapigia wazee wa njiani shikamoo za mayowe. Marahaba zao sikuzisikia, nilikuwa nimeshapita.

Pongwe tukakuta jeneza linavuka barabara, watu tele. Basi la Kombo limesimama pembeni, abiria wote wameshuka, Kombo mwenyewe kalitia bega jeneza. Mzee akaniambia nisimame, tushuke tulisindikize japo hatua chache. Nilitaka kusimama. Wallahi nilitaka! Lakini mbele kuna kilima, lori limejaa pomoni, na Mastura je? Nikakata kushoto, nikaingia shamba la muhogo la mtu, nikalizunguka jeneza kwa heshima zote, naomba dua kwa sauti, nikarudi barabarani. Mguu sikuuinua. Mzee akasema innaa lillaahi. Nilidhani anausikitikia muhogo.

Tumeingia Tanga bila kikohozi! Mzee kashuka, hata kuaga hakuaga. Nadhani furaha imemzidi.

Jumanne, 10 Julai

Shangazi kaleta jibu. Jana Mzee Jumbe alikodi teksi kurudi Pongwe, akakuta kaburi limeshafukiwa. Marehemu alikuwa mwalimu wake wa chuoni, aliyemfundisha Kurani tangu alifu. Mimi ningejuaje? Jeneza halina jina.

Kutoka hapo akarudi Muheza na basi la Kombo. Basi lilizima njiani kila liliposimama, abiria wakashuka kusukuma, na Mzee naye akasukuma. Kafika kwake na vumbi mpaka kwenye ndevu, anacheka, anamsifu Kombo. Kamwambia Shangazi kwamba ahadi ni ahadi. Lori halikukohoa, na lori kalikubali, hata kesho atalikodi. Mwenye lori ndiye asiyemtaka. Mtu asiyesimama kwa maiti, atasimama mkewe akimwita?

Mastura naye kaulizwa. Kasema baba kasema kweli.

Nimelia. Shangazi kanionea huruma, akanifuta machozi kwa ile kanga. Yakazidi.

Jumamosi, 14 Julai

Nilimrudia Zebedayo nikamwachia kabureta, na leo kamaliza. Ngozi mpya. Nimechungulia kooni mwa kabureta, mchirizi wa petroli ukanirukia jichoni. Sasa nikikanyaga mafuta lori linatoka mbio kama limechapwa. Nalisimamisha popote nipendapo. Kumbe kosa lote lilikuwa la pampu, wala si langu! Na Kombo bado hajaoa.

Mzee Jumbe anataka mkwe wa kusimama kwa majeneza. Haya, atampata. Toka asubuhi nimezunguka Pongwe yote kutafuta maziko, kofia kichwani, bega tayari. Hakuna aliyekufa. Mwisho nikaelekezwa kwa mzee mmoja, Bwana Shekhe, ambaye Mzee Jumbe anamjua sana na ambaye yu hoi kitandani. Nimempelekea machungwa, nikakaa naye, nikamuuliza anajionaje. Kasema kaamka na nafuu, hata uji kanywa. Wanawe wamenishukuru kwa moyo wangu mwema.

Nimerudi nyumbani mnyonge kabisa. Kesho nitapita tena kumtazama. Huenda ule uji haukumkaa.